Bado Unywele

Baba yangu alikuwa na upara unaong'aa, na wote waliofanya naye kazi walimwita Unywele. Mgeni akisikia jina hilo alidhani ni dhihaka, akageuka pembeni asije akacheka mbele ya mtu mzima. Haikuwa dhihaka. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya mashine ya kukerezea vyuma katika karakana kubwa, na kila alipopima kipande akakuta hakijafika kipimo, hakutaja namba. Alisema, "Bado unywele." Maana yake kimebaki kinene kwa kiasi cha unywele mmoja wa kichwani, rudi ukakate tena. Aliwaambia hivyo wanafunzi wake, aliwaambia wakubwa wake wenye haraka, na nyumbani alimwambia mama akionja chumvi kwenye mchuzi.

Leo mashine yake ndogo iko chumbani ninamoshonea, pembeni ya cherehani, na kila mteja anayekuja kupimwa gauni huniuliza ni kitu gani. Nikiwa na haraka nasema ni ya kusagia nyama. Nikiwa na nafasi naeleza. Leo nina nafasi.

Mashine ya kukerezea hushika kipande cha chuma kwa meno matatu, ikakizungusha kwa kasi, na kisu kigumu kilichofungwa mbele yake kikakisogelea polepole na kukimenya mpaka kiwe mviringo sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo "sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho" ndiyo kazi yenyewe. Zile za karakana zilikuwa na urefu wa chumba kizima, miguu imezikwa kwenye zege. Hii ya baba inaizidi cherehani yangu kidogo tu, na walioitengeneza waliikusudia kwa watu wanaojifurahisha nyumbani baada ya kazi.

Aliipata mwaka uleule aliostaafu. Chuo cha ufundi kilikuwa kinasafisha stoo, na mwalimu mmoja pale, ambaye baba ndiye aliyemfundisha kushika kisu, akamwambia kuna kimashine kimekufa zamani, akichukue kabla hakijatupwa pamoja na vyuma chakavu. Baba akaenda na blanketi. Alirudi amekipakata, jasho linamtiririka. Mama akafungua mlango, akalitazama lile blanketi, akauliza mtoto ni wa nani.

Kuanzia siku hiyo mama aliiita "mke mwenzangu". Akisikia mota inanguruma aliuliza kama mke mwenzake ameamka. Chupa ya mafuta ikiisha alisema mwenzake anajipaka sana. Kilichomchoma zaidi ni siku aliposikia kwamba ile sehemu ndefu ya chini, ambayo vitu vingine vyote huteleza juu yake, mafundi huiita kitanda. Akasema haya basi, mwenzake hata kitanda anacho, tena cha chuma kitupu, hakipigi kelele. Cha mama kilipiga kelele tangu nikiwa darasa la pili, na baba, mtu wa kupima unywele, hakuwahi kupata muda wa kukikaza.

Mashine ilikuwa katika hali ya kusikitisha. Ilicheza kila mahali. Uliuzungusha mpini karibu robo ya mzunguko kabla kisu hakijajua kama kimeguswa. Baba alitengeneza nati mpya ya shaba, akabadilisha beringi mbili, akazichonga upya zile kabari nyembamba zinazozuia kisu kisiyumbe. Alizipaka wino, akazisugulisha, akatazama wino umebaki wapi, akakwangua hapo, akapaka tena. Kwa mwezi mzima alikula na vidole vya buluu, na mama alimuuliza kama ameandikishwa shule. Mkanda wa kwanza wa mota ulikuwa wa cherehani yangu. Nilimpa nimenuna.

Kazi iliyobaki ilikuwa ni kuiweka sawa. Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha kufulia, na sakafu yake inainama kuelekea kwenye tundu la maji. Baba aliifunga meza nzito ukutani kwa vyuma viwili, mashine akaikaza juu yake kwa bolti nne, lakini mguu mmoja wa meza, ule wa karibu na tundu, haukufika chini. Nilimwona siku mbili mfululizo amepiga magoti, anasukuma kitu chini ya mguu ule, anainuka kutazama pimamaji, anarudi chini. Nilipomuuliza anafanya nini alisema kitanda kikipinda unywele, kila kitu kitapinda. Mimi nikaona ni michezo ya mstaafu, nikaenda zangu.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa hamu mpaka leo. Saa nne asubuhi, vyombo vimekwisha kuoshwa, unasikia ile sauti nyororo kutoka chumba cha nyuma, na harufu ya mafuta yaliyopata moto inakuja mpaka barazani. Misokoto ya chuma, mingine ya buluu kwa joto, ilijikunja chini kwenye sinia kuukuu la mama, ambalo lilipotea jikoni bila maelezo. Baba alitengeneza vishikio vya mifuniko ya sufuria, bawaba, pia za kuzungusha za watoto wa mtaani, skrubu ambazo duka lolote lingekwambia hazitengenezwi tena. Watu waliacha vitu vyao vilivyovunjika mlangoni kama walivyoacha viatu. Alivaa kanzu ya kazi ileile ya karakana, na mbele ya kimashine kile alisimama wima kabisa, ingawa angeweza kukaa kwenye kigoda.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nimekuja na cherehani mbili na majora ya vitambaa, nashonea sebuleni na kukatia nguo sakafuni kwa magoti. Wazazi hawakuniuliza nitakaa mpaka lini. Niseme ukweli wangu: kile chumba cha nyuma nilikitamani. Nilishawahi kuingia baba akiwa hayupo, nikakipima kwa futi yangu ya kushonea. Meza ya kukatia ingeingia vizuri sana pale, na dirisha lilikuwa na mwanga mzuri.

Basi rafiki yake baba akapatwa na shida. Huyu tulimwita Cheche. Alikuwa mchomeaji wa karakana, wamefanya kazi pamoja maisha yao yote, na alipostaafu sukari ikamchukulia mguu. Alikuwa na kiti cha magurudumu alichokifanyia marekebisho mwenyewe mpaka kikawa na mwendo kuliko baiskeli za jirani, na kila asubuhi alikuja nacho kwetu kunywa chai na kuikosoa kazi ya baba. Siku moja ekseli, ule mhimili wa gurudumu la kulia, ikapinda. Madukani haikupatikana ya kipimo kile. Cheche akaletewa nyumbani kwake habari kwamba Unywele ameichukua kazi, akasema basi Jumatatu atakuwa barabarani.

Ekseli yenyewe ni kipande kifupi, urefu wa kiganja. Inapita kwenye beringi mbili, kwa hiyo unene wake lazima uwe uleule mwanzo na mwisho. Kwa baba hiyo ilikuwa kazi ya kufanya huku akipiga soga. Akaikereza, akaipima. Upande mmoja sawa. Upande wa pili, bado unywele. Upande wa kwanza ukiingia kwenye beringi, wa pili unakwama. Akaikagua mashine, akairekebisha, akakereza nyingine. Ikatoka vilevile. Aliitazama ile ya tatu kwa muda mrefu, kisha akaitia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akazima mota.

Nadhani sote tulikwisha kuona kwamba kikombe kilikuwa kinagongagonga kisahani baba anapokiinua. Kidogo tu. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Baada ya ekseli ya tatu alianza kukaa barazani amelaza mikono mapajani, anaitazama, ananyoosha vidole, anavikunja. Jumatatu ikapita, nyingine ikapita. Cheche alikuwa amekwama ndani kwake na haji, na baba hakwenda kumwona kwa sababu angesema nini. Mezani siku moja, bila kuulizwa, alisema, "Mkono umekwisha." Akaomba apitishiwe maji.

Na mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia, "Baba, umri huo. Pumzika sasa." Nilisema kwa upole, na upole huo ulikuwa na futi ya kushonea ndani yake. Nilijitolea hata kumpigia simu yule mwalimu wa chuo, aje aichukue mashine iwasaidie wanafunzi. Baba akasema ni wazo zuri. Akaifunika kwa blanketi lilelile. Mwalimu akaahidi kuja Jumamosi na gari.

Alhamisi mama alikuja sebuleni nikiwa nashona. Alisimama nyuma yangu kwa muda, anachezea ncha ya khanga. Nilidhani anataka kuniambia nipunguze kelele za cherehani. Kumbe kelele ndizo alizozikosa. Alisema nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia maji yakishuka kooni. Alisema baba hali chakula, na kwamba alfajiri humkuta ameamka, amekaa kitandani, anatazama mikono yake.

"Mke mwenzangu anaondoka," akasema, "na mimi ndiye ninayelia."

Nikasimamisha cherehani. Mama hakuwa mtu wa kulia ovyo. Nikataka kumwambia maneno ya umri tena, lakini hayakutoka, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mshono niliokuwa naushona, na mshono ukanikumbusha jambo. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilianza kujifunza kushona, na siku moja cherehani ikawa inaruka nyuzi. Nililia, nikasema mimi sina mkono wa kushona. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, hata viatu hajavua. Alikaa sakafuni kando yangu akaniambia nisijishtaki kabla sijaikagua mashine. Tukaikagua. Ilikuwa sindano iliyowekwa kinyume. Tangu siku hiyo nimeshona mpaka nimelisha watu kwa mikono hii, na sijawahi kuanza lawama na mkono. Na mtu aliyenifundisha hivyo nilikuwa nimemwambia apumzike.

Niliona aibu sana. Bado naiona.

Ijumaa asubuhi nilimfuata baba barazani, nikamwambia nataka kuikagua mashine kabla haijaondoka. Akasema ameshaikagua. Nikasema anikague na mimi basi, nione kama nimesahau alichonifundisha. Akanitazama kwa jicho la pembeni, akainuka. Alipoondoa blanketi alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayetandua kitanda cha mgonjwa.

Tukaanza. Mkanda: umekaza vizuri. Beringi za kichwa: aliushika mkono wangu akauweka juu, nikahisi zinazunguka bila kutetemeka. Kabari: safi. Nati ya shaba: mpini ukiguswa, kisu kinajibu. Kile kichwa cha upande wa pili kinachoishikilia ncha ya chuma, mafundi wanakiita mkia: kimekaa mahali pake. Kila nilichogusa, alisema alishakigusa. Hakusema kwa hasira. Aliongea taratibu kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba ambayo yeye anahama.

Nikamwambia kimebaki kitu kimoja hatujakagua. Akauliza kipi.

"Mkono," nikasema. "Nitakata mimi."

Alikataa. Nikamkumbusha kwamba mkono wangu hautetemeki, natia uzi kwenye sindano bila miwani. Kisha nikafunga kitambaa kichwani, nikapandisha mikono ya gauni, nikasimama pale alipokuwa anasimama yeye. Aliniwekea chuma, akaninolea kisu. Nikauzungusha mpini kama alivyonielekeza, taratibu, bila kupumzika katikati, na kisu kikatembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Misokoto ikaangukia kwenye sinia la mama. Nilikuwa naogopa sana, na sikujua ninaogopa nini zaidi, kikitoka sawa au kikitoka kibaya.

Akakipima upande wa kwanza. Akakipima wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akapima tena.

"Bado unywele," akasema.

Nilimwuliza ni unywele uleule. Akasema ni uleule, upande uleule. Akapitisha kidole juu ya chuma, kilikuwa laini kote. Nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo. Akasema mkono unaotetemeka hukwaruza chuma, haunenepeshi upande mmoja, na kwamba mwanafunzi wa wiki ya pili analijua hilo, na yeye mwenyewe amelifundisha mara mia. Alirudia, mara mia. Hofu ilikuwa imemsahaulisha kazi yake.

Kisha akachukua pimamaji. Hakuwa amelichukua hata mara moja kwa wiki zote zile, na kosa hilo lingeweza kufanywa na fundi wa karakana peke yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi juu ya mashine zilizozikwa kwenye zege. Unakagua kisu, unakagua kabari, unajikagua mwenyewe. Sakafu haikaguliwi. Akaliweka juu ya kitanda upande wa kichwa, kiputo cha hewa kikasimama katikati. Akalisogeza upande wa mkia, kiputo kikakimbilia ukutani. Tulikitazama sote wawili.

Baba akapiga magoti na tochi. Akaingia chini ya meza mpaka kiunoni. Kwa sababu meza ilikuwa imefungwa ukutani, haikuwahi kuyumba, na vishikio vya sufuria havidai unywele, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Lakini mguu ule wa karibu na tundu ulikuwa unaning'inia, umeivuta pembe moja ya meza chini, na kitanda cha mashine kimepinda pamoja nayo. Barua ingepita katikati ya mguu na sakafu.

"Nani ametoa karatasi yangu?" sauti ya baba ikauliza kutoka chini.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Akauliza karatasi gani. Baba akasema ya kalenda, imekunjwa, na chini yake kipande cha kopo la maziwa. Lazima nieleze kwamba mama yangu hajawahi kukutana na uchafu akaupita. Miezi minne nyuma, wadogo zake walipokuja kututembelea, alifagia nyumba nzima hadi chini ya vitanda, na chumba kile cha nyuma hakukisamehe.

"Ilikuwa na mafuta?" akauliza.

"Ilikuwa na mafuta."

Akauegemeza ufagio ukutani. "Mende walikuwa wametagia humo," akasema kwa sauti ndogo sana.

Nikasubiri ghadhabu. Kutoka chini ya meza pakatoka kicheko. Kilianza kama kikohozi, kikaendelea, miguu ya baba ikawa inatikisika, mama hajui acheke au akimbie. Kisha kicheko kikakatika. Alipotoka alikaa palepale sakafuni, mgongo kwenye ukuta, mashavu yamelowa, akajifuta kwa mkono wenye mafuta na kuyachafua zaidi. Mama akachuchumaa mbele yake. Akaichukua ile mikono miwili akaipakata.

"Kwa hiyo si mkono," baba akasema.

"Si mkono," mama akasema. "Ni mimi."

Baba akamwambia angejua ni yeye tangu mwanzo asingehangaika, maana mama hakerezeki. Hapo mama akacheka, akalia, akamwambia wiki zote hizo amekuwa akimwombea Mungu kwa ajili ya mikono hiyo, na dawa ilikuwa jalalani. Mimi nilijifanya natazama dirishani. Niliutazama mwanga ambao nilikuwa nimeupangia meza ya kukatia, na sikuutaka tena.

Mama akaenda jikoni akaleta kalenda ya mwaka uliopita. Baba akakata kipande kipya cha kopo. Mpango ukawa hivi: mimi nisome kiputo, baba ainue meza kwa wenzo, na mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa, ndiye arudishe. Akaingia chini ya meza na khanga yake, analalamika magoti. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mke mwenzake. Alisukuma karatasi, nikasema bado. Akaongeza mkunjo, kiputo kikapita katikati. Akatoa. Baba alikuwa anaangalia juu ya bega langu, anapumua kwa mdomo.

"Bado unywele," akamwambia mama.

Mama akauliza unywele wa nani, maana wa kwake baba haupo. Akalainisha mkunjo kwa kucha, akausukuma tena. Kiputo kikarudi katikati, kikatulia. Jumla ilikuwa karatasi za Machi, Aprili, na nusu ya Mei.

Ekseli ya nne baba aliikereza mwenyewe, amesimama wima. Alipoisukuma kwenye beringi ya kwanza iliingia kwa kidole kimoja, ikapita, ikaingia ya pili, na hewa iliyokuwa ndani ikatoka kwa pumzi fupi. Mafundi huipenda pumzi hiyo kuliko sifa za mdomo. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Cheche na kisanduku cha vifaa, na Jumamosi asubuhi Cheche alikuwa barazani kwetu, anazunguka kwenye kiti chake kuonyesha, anasema ekseli imechelewa kwa sababu siku hizi fundi anatafuta nywele ambazo hana. Mwalimu wa chuo alipofika na gari alikuta watu wanne wanakunywa chai. Tulimpa chai na yeye, tukamwomba radhi kwa safari ya bure. Baba akamkerezea kishikio cha droo. Mwalimu akakichukua, akasema kweli alijua tangu kwenye simu kwamba hataondoka na mashine.

Baadaye mama aliandika kwa chaki kwenye mguu ule wa meza: USIFAGIE HAPA. Aliyefagia nyumba ile alikuwa yeye peke yake. Meza yangu ya kukatia baba aliijengea sebuleni, yenye miguu inayokunjwa, na kila mguu aliuwekea skrubu ya kuinulia aliyoikereza mwenyewe. Hakuwahi kuniuliza kuhusu ile futi. Nadhani alijua.

Miaka tisa zaidi ile sauti ilisikika saa nne asubuhi. Halafu mikono ikaja kutetemeka kweli, mtetemeko ambao daktari huupa jina na vidonge. Safari hii baba hakukaa barazani kuitazama. Aliingia chumba cha nyuma akaweka pimamaji juu ya kitanda, upande huu na upande ule. Akavuta mkanda, akautikisa mkia wa mashine. Kisha akafunika mashine kwa blanketi, akaja jikoni tulipokuwa.

"Sasa ni mkono," akatuambia. "Mashine nimeikagua." Alisema bila uchungu, kama fundi anayemaliza zamu. Sisi ndio tuliokuwa na uchungu.

Siku zake za mwisho aliketi mezani jikoni, na chai ndiyo iliyokuwa mtihani. Alikataa kunyweshwa. Akiinua kikombe, chai inamwagika kifuani, anakirudisha, anajaribu tena, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Asubuhi moja mama aliinuka, akachukua kitambaa cha jikoni, akakikunja mara mbili, akakisukuma chini ya kiwiko cha baba pale mezani. Kiwiko kikapata mahali pa kuegemea. Mkono ukatulia, si sana. Baba akakitazama kitambaa, akamtazama mama.

"Bado unywele," akasema.

Mama akaongeza mkunjo mmoja. Baba akanywa chai yake yote.